Karatasi ya Katikati: Kuhusu Uthibitisho wa Jina Jipya Baada ya Kupata Uraia

Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya jamaa za Wakenya waishio ughaibuni, na kuandikwa upya na msemaji mwenyewe.

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo. Nawashukuru waandalizi wa kikao hiki kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kukubali kwamba tuzungumze jambo moja tu hadi tulimalize, badala ya kugusa mambo kumi na kutoka hapa tukiwa nayo yote kumi nusunusu. Jambo lenyewe ni hili: mtoto wetu, ndugu yetu au sisi wenyewe tukipewa uraia wa nchi nyingine, hasa Marekani, na siku hiyo hiyo tukabadilisha jina, ni karatasi gani itakayoonyesha kwamba yule wa jina la jana na huyu wa jina la leo ni mtu mmoja?

Kwa wasionijua, nilikuwa karani katika ofisi ya wakili hapa mjini kwa miaka thelathini na mmoja. Sheria sikuisomea. Nilisomea kupiga chapa, na sheria niliokota kidogo kidogo kadiri hati zilivyokuwa zikipita mikononi mwangu. Kwa hiyo msinichukue kama wakili, na kesi ya mtu yeyote hapa ipelekeni kwa wakili. Lakini karatasi nazijua. Najua ipi hukubaliwa dirishani bila swali na ipi humfanya afisa avue miwani, aisafishe, na kukuambia urudi Jumatatu.

Nianze na dai langu, kisha nilitetee. Watu wengi wakibadilisha jina hutunza karatasi yenye jina jipya kama mboni ya jicho, na hawajui kwamba hiyo ndiyo karatasi rahisi kuliko zote kuipata tena. Karatasi ngumu ni ile ya katikati, iliyobeba majina yote mawili, la zamani na jipya, pamoja na mhuri wa aliyekuwa na mamlaka ya kuyaunganisha. Ofisi inayotoa pasipoti haiwezi kuitoa hiyo, wala benki, wala kampuni uliyoajiriwa nayo. Hutoka mahali pamoja, na usipoiomba siku yake, utakuja kuifuata kwa jasho.

Tutazame kwanza jinsi Wamarekani wanavyofanya, kwa sababu huko ndiko wengi wa jamaa zetu waliko. Mwombaji wa uraia hujaza fomu inayoitwa N-400. Ndani ya fomu hiyo mna swali linalouliza kama angependa kubadilisha jina lake kisheria. Wapo wanaodhani kwamba ukijaza pale umekwisha kubadilisha. Sivyo. Idara ya uhamiaji ya Marekani haina mamlaka ya kumbadilishia mtu jina kwa ombi lake. Mwenye mamlaka hayo ni mahakama. Kwa hiyo mwombaji hutia saini ombi lake la jina, ombi hilo likapelekwa mahakamani, na mwombaji mwenyewe akala kiapo cha utii katika hafla inayoongozwa na mahakama, si katika ile hafla ya kawaida inayoendeshwa na idara yenyewe. Jaji akilikubali ombi, jina limebadilika, na cheti cha uraia hutolewa kwa jina jipya. Ndiyo maana wengine husubiri kiapo muda mrefu kuliko wenzao waliohojiwa siku moja nao: wenzao hawakuomba jina, wao wanasubiri siku ya jaji.

Utaratibu huu si mpya. Sheria ya uraia ya Marekani ya mwaka 1906 tayari iliiruhusu mahakama kumbadilishia mtu jina wakati ule ule wa kumpa uraia. Nalitaja hili kwa sababu mmesikia hadithi ya wahamiaji waliofika Ellis Island kwa meli, ati makarani wa bandarini wakawabadilishia majina kwa kushindwa kuyatamka. Hadithi ni tamu, lakini makarani wale walikuwa wakisoma majina yaliyokuwa yamekwisha kuandikwa kwenye orodha za abiria walikotoka. Waliobadilisha majina ni wahamiaji wenyewe, wengi wao baadaye, na baadhi yao mbele ya jaji. Mimi kama karani nimefurahi kuona makarani wenzangu wakiondolewa lawama hiyo.

Na watu wetu hubadilisha kwa nini? Sababu ni nyingi na sitazimaliza. Wapo waliosafiri kwa hati zenye jina moja tu, na kwa kuwa mitambo ya Marekani haikubali nafasi tupu, wakaandikiwa herufi tatu, FNU, maana yake jina la kwanza halijulikani. Hebu fikirieni mtu anaitwa hospitalini na kazini, kwa miaka, kwa jina ambalo tafsiri yake ni kwamba hana jina. Wapo ambao kwao huko jina la tatu ni la babu, si la ukoo, na kila mtoto wao shuleni anaonekana kuwa na ukoo tofauti na wa baba yake. Wapo walioolewa na walioachika. Na wapo wenye sababu za moyoni, ambazo karani mwenye adabu haziulizi.

Sasa niwapeleke kwenye siku yenyewe ya kiapo, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa furaha. Mtu amevaa vizuri, amesimama na wenzake kutoka nchi nyingi, na watoto wanapiga picha. Mlangoni, kabla ya kuapa, hutakiwa airudishe ile kadi yake ya ukaaji, grini kadi kama tunavyoiita. Tazameni hapo. Kadi ile ndiyo iliyokuwa na jina la zamani, pamoja na ile nambari inayoanza na herufi A, ambayo serikali ya Marekani humpa mhamiaji na kubaki naye katika faili lake lote. Kadi inaondoka mkononi mwake kabla ya kiapo, na baada ya kiapo anapewa cheti chenye jina jipya. Ndani ya muda wa chini ya saa mbili mtu amekabidhi jina la zamani na kupokea jipya, na kama hana akili ya karani, hatoki na kitu chochote kinachoonyesha kwamba hayo mawili yalipata kukutana.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaomba muwaambie jamaa zenu: kabla ya siku hiyo, ipige kadi kopi pande zote mbili, uiweke nyumbani. La pili: ukipokea cheti, usikisome kwa furaha, kisome kwa mashaka. Angalia herufi moja moja za jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi uliyokuwa raia wake, na ile nambari ya A, ambayo si sawa na nambari ya cheti chenyewe, na watu huzichanganya kila siku. Kosa likionekana ukiwa bado ukumbini, lisemee pale pale. Kosa linaloonekana ukiwa umefika Nairobi ni safari. La tatu, na ndilo nililojia hapa: uliza ofisi ya karani wa mahakama ile, siku ile, namna ya kupata nakala iliyothibitishwa ya amri ya jaji ya kubadilisha jina. Sisemi kopi uliyojipigia dukani. Nasema nakala yenye mhuri wa mahakama na saini ya karani anayethibitisha kwamba inalingana na iliyo kwenye faili. Omba zaidi ya moja. Mimi nasema tatu; mume wangu aliniona mwoga hadi siku moja ilipohitajika ya tatu.

Niwaambie lililotukuta, kwa sababu aibu yake ni yangu pia. Binti wa marehemu dada yangu alipata uraia wa Marekani katika jimbo la Minnesota mwaka 2011. Alikuwa amebeba jina la baba ambaye hakupata kumlea, akaamua hataingia nalo uraia mpya, akaomba jina la bibi yake mzaa mama. Jaji akakubali. Alitoka pale na bahasha: cheti, barua ya pongezi, kibendera cha karatasi ngumu, na karatasi nyingine nyepesi iliyopigwa muhuri. Cheti alikitia fremu. Kibendera mtoto wake alikiweka chumbani, nadhani kipo hadi leo. Ile karatasi nyepesi aliifikiria kuwa risiti, akaitupa pamoja na bahasha. Na mimi shangazi yake, karani wa miaka yote hiyo, aliponipigia simu kunipa habari njema, nilipiga vigelegele, nikauliza habari za baridi, na sikuuliza habari ya karatasi hata moja.

Dada yangu alifariki mwaka 2018. Aliacha ploti ndogo Kayole na akiba benki. Wenye kujua mirathi ya Kenya mnajua njia yake: barua ya chifu inayowataja warithi, maombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kusubiri mwenye pingamizi. Chifu aliandika barua yake vizuri kabisa, na akamwandika mtoto wa marehemu kwa jina ambalo kijiji kizima kinalijua, lile la zamani. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la zamani. Kitambulisho chake cha Kenya, cha zamani. Kisha akashuka kwenye ndege akiwa na pasipoti ya Marekani yenye jina ambalo halimo katika karatasi yoyote ya nchi hii.

Siku tuliyokwenda benki alikaa na afisa mmoja mpole, kijana wa heshima, ambaye alizipanga karatasi zetu mezani mistari miwili, upande huu za Kenya, upande huu za Marekani. Akaziangalia muda mrefu. Kisha akasema, “Mama, mimi simkatai huyu dada. Ila huyu aliyekaa mbele yangu simwoni katika mstari huu, na wa mstari huu simwoni mbele yangu.” Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu ningekuwa mimi upande ule wa meza ningesema hivyo hivyo. Palikuwa na nafasi tupu katikati ya mistari ile miwili, upana wa karatasi moja, na karatasi hiyo tuliitupa Minnesota.

Kulikuwa na mtu wa kutushauri kwamba tule kiapo tu. Hapa Nairobi hii ndiyo dawa ya kila ugonjwa: unakwenda kwa kamishna wa viapo, unaandika hati ya kiapo kwamba jina hili na jina lile ni la mtu mmoja, naye ndiye mimi, unapigiwa mhuri, unalipa, unatoka. Nimezipiga chapa hati hizo mamia. Zina kazi yake. Pale ambapo tofauti ni herufi moja, au jina la katikati limerukwa, au majina yamegeuzwa kwanza mwisho, hati ya kiapo hutosha. Lakini itazameni ilivyo: ni neno lako mwenyewe kuhusu nafsi yako mwenyewe. Haibadilishi jina wala haithibitishi kwamba yupo mwenye mamlaka aliyelibadilisha; inasema tu kwamba wewe unasema. Pakiwapo urithi na ndugu wa upande wa pili wenye macho makali, neno lako kuhusu nafsi yako ni fimbo ya mtama.

Basi tukaifuata karatasi. Jambo la kwanza tulilokosea ni kutaka kuomba cheti kingine cha uraia. Ipo fomu ya kazi hiyo, N-565, nayo ni ya mtu aliyepotelewa na cheti au mwenye cheti kilichoharibika, au cheti chenye kosa, au aliyebadilisha jina baadaye kwa ndoa au kwa amri ya mahakama na anataka cheti kilingane. Lakini yeye cheti alikuwa nacho ukutani, na cha pili kingerudia jina lile lile jipya. Tungengoja miezi kwa ajili ya pacha wa karatasi ambayo tayari haikutusaidia.

Amri ya jaji iko kwenye faili la mahakama, na mwenye faili ni karani wa mahakama ile ile iliyomwapisha. Tulimwandikia tukitaja jina la zamani kwa ukamilifu kama lilivyoandikwa wakati ule, jina jipya, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kiapo na nambari ya A tuliyoinakili kutoka kwenye cheti. Tulilipa ada ya nakala na ada ya kuithibitisha. Baada ya wiki kadhaa ikaja. Karatasi nyeupe ya kawaida, nyepesi, ukurasa mmoja. Ukipitisha kidole chini kushoto unausikia mhuri ulivyoinuka. Jina la zamani, jina jipya, saini ya jaji. Binti wa dada yangu aliitazama akasema, “Shangazi, hii naikumbuka. Hii ndiyo risiti.”

Kwa wale ambao jamaa zao walipata uraia zamani, niongeze neno. Hadi mwishoni mwa Septemba 1991, uraia wa Marekani ulikuwa ukitolewa na mahakama. Tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo kazi hiyo ilihamishiwa kwa serikali kuu, na mahakama zikabaki na viapo, yakiwamo haya ya majina. Kwa hiyo mzee aliyeapa miaka ya sabini au themanini, faili lake lote lilikuwa mahakamani, na mafaili ya zamani ya mahakama za shirikisho huhamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya nchi hiyo, iliyo na matawi katika miji mbalimbali. Karani wa mahakama akikuambia faili halipo kwake, usikate tamaa wala usimwone mkaidi. Muulize limehamishiwa wapi, na akupe nambari yake.

Tuje sasa upande wetu, ambao nauona umesahauliwa zaidi. Mtu akiipata amri ile hudhani amemaliza. Lakini amri ya jaji wa Marekani haitembei yenyewe ikaingia katika daftari la Nairobi. Tangu Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Hilo ni kifungu cha 16. Na yule aliyekuwa ameupoteza kabla ya hapo kwa kuchukua uraia wa nje, kifungu cha 14 kinampa haki ya kuurejesha akiomba. Sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 nayo inamtaka mwenye uraia pacha autangaze ndani ya miezi mitatu. Haya wengi wenu mnayajua. Lisilosemwa ni kwamba mwenye kuomba pale Nyayo House, kwenye ofisi ya uhamiaji, huomba kwa karatasi za kuzaliwa zenye jina moja na pasipoti ya kigeni yenye jina lingine, na swali la yule kijana wa benki linaulizwa upya, safari hii na serikali.

Mkenya anayetaka jina lake jipya litambulike hapa nyumbani ana njia yake, nayo ni hati ya kubadilisha jina, inayosajiliwa chini ya sheria ya usajili wa nyaraka. Huandaliwa na wakili, ikatiwa saini na mwenye jina mbele ya shahidi, ikapelekwa kwa msajili wa nyaraka, ambaye kwa Nairobi tulizoea kumwendea Ardhi House. Ikikubaliwa hupewa nambari ya kuwasilishwa, juzuu, folio na faili. Kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi, lile linalotoka Ijumaa.

Tangazo hilo nimelipiga chapa mara nyingi hata nikiamshwa usingizini naweza kulisoma. Kwa Kiswahili chake ni kwamba fulani, aliyekuwa akijulikana kama fulani, ameliacha na kulikana kabisa jina lake la awali, na badala yake amelitwaa jina hili kwa mambo yote, na anawaidhinisha na kuwaomba watu wote, nyakati zote, wamtaje na kumwita kwa jina hilo tu. Mnasikia? Watu wote, nyakati zote. Kila nilipofika hapo nilikuwa nikijiuliza kama na mama yake mzazi anahusika. Lakini tazameni uzuri wake kwa jambo letu: majina yote mawili yamo katika sentensi moja, katika gazeti la serikali, na tarehe na nambari yake. Hii ndiyo karatasi ya katikati ya upande wa Kenya. Gazeti lenyewe linunue au lipakue, ukurasa wa jalada pamoja na ukurasa wa tangazo lako, na nambari ya tangazo uiandike mahali pengine, kwa maana baada ya miaka kumi hutakumbuka ilikuwa Ijumaa ipi.

Ombi langu kwa mawakili waliopo hapa ni kwamba mnapoiandaa hati hiyo kwa mtu aliyekwisha kubadilishwa jina ughaibuni, msiiandike kana kwamba jina limeanza leo. Itajeni amri ya mahakama ya kule, tarehe yake na mahakama yake, na iambatanishwe. Vinginevyo mnamtengenezea mteja jina moja lenye tarehe mbili za kuzaliwa: Marekani limeanza 2011, Kenya limeanza mwaka huu, na katikati amenunua gari, ameajiriwa na amelipa kodi kwa jina ambalo hapa lilikuwa bado halipo.

Hati ikishatangazwa, mengine hufuata mstari: kitambulisho, pasipoti, namba ya kodi, akaunti, hatimiliki. Yana foleni, hayana fumbo. Vyeti vya shule ndivyo vigumu, kwa kuwa mtoaji husema kwamba aliyefanya mtihani ni wa jina lile. Mwaka 2014 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamuru baraza la mitihani litoe cheti kipya kwa mtu aliyekuwa amebadilisha jina kwa hati, kwa hiyo mlango si wa chuma, ila huyo alifika mahakamani ili aufungue. Wengi hukiacha cheti cha shule kilivyo na kukibana pamoja na tangazo la Gazeti, nami naona hilo linatosha kwa mwajiri mwenye busara. Na cheti cha kuzaliwa, sheria yetu inaruhusu jina la mtoto lirekebishwe ndani ya miaka miwili ya kuandikishwa. Kwa mtu mzima, kiacheni. Kibaki kinasema ulizaliwa ukiitwa nani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hati ya jina ndiyo isimulie yaliyofuata.

Akina mama walioolewa wameniuliza pale mlangoni kama nao wanahitaji haya yote. Aliyechukua jina la mume kwa ndoa, cheti chake cha ndoa ndicho karatasi ya katikati, hapa na kule. Akitunze hata kama mume hakumtunza.

Ipo hoja ambayo sitaki kuikwepa, kwa maana niliisikia kutoka kwa mtu ninayemheshimu. Alisema: mtu akae na majina mawili, la Kenya kwa mambo ya Kenya, la Marekani kwa mambo ya Marekani, na kila nchi imjue inavyomjua. Kwa mtu asiye na ploti, asiye na mzazi wa kurithi, asiyetarajia kuoa, kuzikwa wala kununua hapa, hoja hiyo ina mantiki, na gharama ya wakili ataiokoa. Lakini mwenye majina mawili bila karatasi ya katikati huwa watu wawili kila anapopita uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, tiketi ikiwa ya mmoja na kitambulisho ni cha mwingine. Na likija jambo la mauti, ambalo halina miadi, wanaobaki ndio watakaoulizwa maswali, nao hawakuwapo siku ya kiapo.

Swali la mwisho nililoandikiwa kwenye kikaratasi ni la mahali pa kuweka. Nakala moja ibaki kule na mwenye jina, pamoja na cheti, katika bahasha isiyoshika maji, si ukutani kwenye jua. Cheti chenyewe kina onyo lililochapishwa kwamba kukinakili bila idhini ya sheria ni kosa, na watu wetu wakisoma hilo huogopa hata kukipiga kopi kwa ajili ya ofisi inayokihitaji. Onyo lile linawahusu wenye kughushi. Nakala ya pili ya amri ya jina iwe kwa wakili wako Kenya. Ya tatu iwe kwa mtu wa nyumbani asiyehamahama.

Kwetu mtu huyo ni mimi. Nimeileta leo, ile ile ya Minnesota, ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na kopi ya tangazo la Gazeti. Nitaiweka hapa mezani baada ya chai, na anayetaka kuusikia mhuri kwa kidole aje, ila awe amekwisha kunawa mandazi.